Betri Ikigoma Asubuhi, Ipime Kabla ya Kununua Mpya

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na jua la Tanga likiwa halina huruma, karakana yetu ya umeme wa magari hapa chuoni hupokea betri karibu kila siku. Nyingine huletwa kwa bodaboda zikiwa zimefungwa mpira, nyingine dereva kazibeba mwenyewe kutoka Ngamiani, shati limeshaliwa na tindikali. Salamu zikiisha, neno ni moja: "Mwalimu, hii imekufa." Nikizipima, nyingi hazijafa. Zina njaa, zina kiu, au gari lenyewe linazinyima chakula. Zile zilizokufa kweli ndizo ambazo wenyewe hawataki kuziachia.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri kwetu sisi wa pwani. Linakausha maji yaliyomo ndani na kuharakisha kuliwa kwa bamba za risasi, ile metali nzito. Mafundi wana kanuni yao: joto likipanda kwa nyuzi 10 zaidi, umri wa betri hupungua kwa karibu nusu. Gari linaloshinda juani stendi ya Kange halitarajiwi kudumu na betri sawa na lile linalolala kwenye baridi ya Lushoto.

Anza na mita. Gari lilale usiku kucha, taa na redio zimezimwa, kisha upime asubuhi kabla ya kupiga stata. Betri iliyoshiba husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na ikishuka hadi 11.8 haina kitu. Halafu washa gari, pima tena injini ikiunguruma. Hapo unatakiwa uone kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukiona bado 12 na kitu, tatizo si betri. Oltaneta, mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, haichaji, au mkanda wake unateleza. Nilimpokea dereva wa Noah aliyekuwa amenunua betri mbili ndani ya miezi minne. Mkanda ulikuwa umelegea, nauli za abiria wake zikaishia duka la spea.

Usisahau vichwa vya betri. Magari ya Raskazone na Sahare, yanayokula upepo wa bahari mchana na usiku, huota ule unga mweupe wenye ukijani kwenye vifungio. Umeme unapita kwa shida, stata inalia "tik" na kunyamaza, mtu anadhani betri imekwisha. Mwagia maji ya moto yaliyochanganywa na bekingi soda, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha, kaza sawasawa, kisha paka vaselini.

Sasa niseme jambo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linaua betri nzima kwa nia njema. Mtaani kwetu jina "maji ya betri" hubeba vitu viwili. Kuna maji yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi wala madini, na kuna tindikali ya salfuriki. Dereva anakwenda dukani, anasema "nipe maji ya betri", muuzaji anampa chupa iliyo karibu. Betri inayotumika hupoteza maji tu. Tindikali inabaki humo humo. Kwa hiyo cha kuongeza ni maji yaliyosafishwa. Ukiongeza tindikali, mchanganyiko unakuwa mkali, bamba zinaliwa, na ile nguvu utakayoiona siku mbili za mwanzo ni nguvu ya mgonjwa aliyepigwa homa. Maji ya bomba nayo hapana, na ya kisima ndiyo kabisa. Soma maandishi ya chupa kabla ya kulipa. Jaza hadi bamba zifunikwe na maji yafike kwenye alama, usifurishe, maana yakichemka wakati wa kuchaji yatamwagika. Betri zilizozibwa moja kwa moja haziongezwi kitu. Usizichokonoe kwa bisibisi.

Kwenye kuchaji, haraka ni hasara. Mkondo salama ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri, unaoandikwa kwa Ah (ampea-saa): yenye Ah 70 ipewe ampea 7, na ikiwa ilikuwa tupu iachwe usiku mzima. Kuna chaja kubwa za mtaani zinazosukuma ampea 30 kwa saa moja. Betri inatoka ya moto kama chungu, bamba zimepinda, maji yamekauka, na jioni imelala tena. Betri iliyokaa wiki nyingi bila chaji huganda salfeti kwenye bamba, ngumu kama ukoko wa chumvi ndani ya birika. Chaji ya taratibu huweza kuufungua ukoko huo ukiwa bado mchanga, ukishakomaa, haufunguki.

Chajia mahali penye hewa. Betri inapochemka hutoa gesi ya haidrojeni, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua na kukumwagia tindikali usoni. Sigara mbali, na zima chaja kwanza kabla ya kuchomoa vibanio. Tindikali ikikurukia jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 bila kuacha, ukiwa njiani kwenda hospitali endelea.

Utajuaje kuwa imekwisha kweli? Mzee mmoja wa teksi aliniletea yake. "Mwalimu, nimeichaji siku tatu." Tukafungua vizibo sita, maana betri ya volti 12 ina vyumba sita, sisi huviita seli, kila kimoja kinatoa volti 2 na ushee. Nikafyonza kwa haidromita, kile kibomba cha kioo chenye kiboya ndani, kinachopima uzito wa tindikali: kiboya kikizama, chaji ni ndogo. Seli ya kwanza kiboya kilipanda hadi 1.250. Ya pili vile vile, ya tatu, ya nne. Ya tano kikazama hadi 1.130, na maji yalikuwa meusi kama kahawa. Ya sita ikarudi 1.250. Nikampa haidromita ajionee. Seli moja ikiwa na shoti, hakuna chaja itakayoifufua. "Basi tumeachana nayo," akasema, akairudishia vizibo.

Ukinunua nyingine, linganisha Ah, ukubwa, na upande wa chanya na hasi, kisha angalia tarehe ya kutengenezwa. Wakati wa kufungua, anza na hasi. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Spana namba 10 ikigusa chanya na bodi kwa pamoja huku hasi imefungwa, inageuka kuwa chuma cha kuchomelea mkononi mwako.

Na ile ya zamani? Nimemwona kijana ufukweni akiyeyusha risasi ya betri kwenye sufuria apate chubwi za nyavu, mdogo wake kachuchumaa pembeni akipuliza moto. Moshi ule unaingia kwenye damu na kudumaza akili ya mtoto. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na watoto wakakutwa na sumu ya risasi mwilini. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mwanawe akaugua, aliwapigania hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Usimwage tindikali mtaroni ili betri iwe nyepesi kubeba. Ifunge vizibo, isimamishe ndani ya beseni la plastiki mbali na watoto, kisha irudishe kwa muuzaji unaponunua mpya, au mpe mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Mwombe akuonyeshe kibali chenyewe.