Je, wajua kwa nini aiskrimu ya kukunja hukunjika kama mkeka badala ya kupasuka kama kioo?

Binti ya kaka yangu, aliye gredi ya tano, ana tabia moja ninayoipenda sana: akiona kitu kinatengenezwa, habanduki hapo mpaka aelewe. Jumamosi moja nilimpeleka kwenye duka dogo la aiskrimu mtaani kwetu, Section 58, hapa Nakuru. Ni chumba kimoja tu, jirani na kinyozi, na mbele yake pana benchi la mbao na mashine moja yenye bamba la chuma la duara juu yake.

Kijana anayeuza alimwaga kikombe cha maziwa matamu juu ya lile bamba. Dakika mbili hivi baadaye, maziwa yale yalikuwa mikunjo mitano iliyosimama wima ndani ya kikombe cha karatasi, mfano wa mikeka iliyokunjwa ikaegemezwa ukutani. Mtoto akaangalia, akanigeukia.

"Shangazi, barafu ya friji yetu ukiigonga inapasuka. Mbona hii inakunjika?"

Siku ile nilimjibu nusunusu. Swali likanikaa kichwani, nikarudi pale dukani mara kadhaa kutazama kwa makini, na kijana yule alikuwa na subira ya kunionyesha kila hatua. Jibu lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Aiskrimu ya namna hii ilianzia Thailand, ambako wachuuzi wa barabarani huiita kwa jina lenye maana ya "aiskrimu ya kukaanga". Jina linafaa, kwa sababu ukimtazama mtengenezaji utadhani anakaanga: anamwaga, anakatakata, anageuza, anatandaza, mikono haitulii. Kutoka huko ilienea hadi miji mikubwa ya Asia, Marekani na kwingineko, na sasa iko nasi mtaani.

Chini ya lile bamba hakuna cha ajabu. Mna kompresa kama ya friji ya nyumbani, na mabomba membamba yanayopitisha gesi ya kupooza. Gesi ile huchukua joto la bamba na kwenda kulitupa nje kupitia feni; weka mkono ubavuni mwa mashine nawe utapigwa na hewa ya moto. Bamba lenyewe hufika nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri. Kabla ya kazi kuanza huwa jeupe, maana mvuke ulio hewani hutua juu yake na kuganda papo hapo. Kijana aliniambia aliwahi kufanya kazi hiyo Kisumu, na kule ziwani hewa ni nzito kwa unyevu, ukungu wa barafu unajaa juu ya bamba haraka kuliko hapa kwetu. Huukwangua kila mara kabla ya kumwaga maziwa, kwa sababu ule weupe ni blanketi: unazuia joto la maziwa lisishuke kwenye chuma.

Neno "joto" hapo ndilo la kushika. Tumezoea kusema baridi imeingia kwenye maziwa, ilhali kinachotokea ni joto la maziwa kuondoka. Na joto la kuondolewa ni jingi. Katika kila gramu 100 za maziwa ya ng'ombe, takriban 87 ni maji. Ili kilo moja ya maji ipoe kwa nyuzi 1, lazima itoe joto la kilojuli 4 na kitu (kilojuli ni kipimo cha joto). Lakini kilo hiyohiyo ikishafika nyuzi 0, ili igeuke barafu lazima itoe kilojuli 334 nyingine, bila hata kushuka uzi mmoja. Yaani kugandisha maji yaliyokwisha kupoa kabisa ni kazi sawa na kuyapooza kutoka nyuzi 80, moto wa chai inayochoma ulimi, hadi sifuri. Ndiyo maana maziwa ya kwenye friza yanawahi kuwa baridi lakini yanachelewa mno kuganda.

Sasa, bamba linawezaje kumaliza kazi hiyo kwa dakika mbili? Kwanza, chuma hupitisha joto mamia ya mara kuliko hewa iliyotulia. Ukiingiza mkono ndani ya friza unaweza kuuacha humo kwa muda, ila ukigusa ukuta wa chuma unaurudisha mara moja, ingawa hewa na ukuta vina baridi ileile. Pili, na hili ndilo lililonishangaza, ni unene. Muda wa kugandisha kitu haupungui sawasawa na unene wake. Unapungua zaidi ya hapo. Ukikata unene nusu, muda unashuka hadi robo. Maziwa yakitandazwa pale hubaki na unene wa milimita 2 hivi. Bakuli lenye kina cha sentimita 4 ni mara 20 ya unene huo, na likigandishwa kutoka upande wa chini tu, litahitaji mara 400 ya muda. Nilipomfanyia mtoto hesabu hiyo mezani aliirudia mwenyewe kwa penseli, kisha akakaa kimya akiiangalia.

Haraka hiyo ndiyo inayoamua aiskrimu itakuwa laini au la. Maji yakiganda polepole, chembe chache za barafu hujitokeza mapema na kila moja hupata nafasi ya kunenepa. Yakiganda ghafla, chembe nyingi sana huzaliwa kwa pamoja, maji yanagawanywa kwa zote, na hakuna inayokua. Ulimi wetu ni hodari wa kupima hili: chembe zikiwa ndogo kuliko unene wa unywele, hatuzihisi moja moja, tunasema aiskrimu ni laini. Zikizidi hapo tunahisi kama tunatafuna mchanga. Kule kukatakata kwa vile vyuma viwili bapa, vinavyofanana na vya fundi wa magari anapopaka pati, kunasaidia jambo hilohilo. Kila pigo linabandua tabaka lililoganda chini, linalivunja, linalichanganya na maziwa ambayo bado hayajaganda, na kila kipande kinakuwa mbegu ya chembe nyingine.

Wengi wetu tumejaribu aiskrimu ya nyumbani tukaishia na tofali lenye mchanga wa barafu. Ni kwa sababu friza inagandisha polepole, na hakuna anayekoroga. Na kwa watu wa Afrika Mashariki, friza na aiskrimu vina kisa kinachostahili kujulikana na kila mtoto wa shule. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kungoja yapoe, halafu kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha. Erasto Mpemba akayatia yake yakiwa bado moto, huku mwenzake akiwa ametia maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuacha. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakimcheka. Osborne alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Leo dunia nzima ya fizikia inaliita jambo hilo athari ya Mpemba, na mabishano kuhusu chanzo chake, hata kuhusu lini hasa hutokea, hayajaisha. Nilimsimulia mtoto kisa hiki kwa sababu kilianza kama swali lake lilivyoanza, mbele ya maziwa yanayoganda.

Turudi kwenye kukunjika. Maji matupu yakiganda hushikana pande zote yakawa kitu kimoja kigumu, ndiyo maana barafu ya friji hupasuka. Maziwa ya dukani yametiwa sukari ya kutosha, mara nyingi na krimu. Sukari iliyoyeyuka hukawiza kuganda: mchanganyiko kama huo hauanzi kuganda kwenye nyuzi 0, ni hadi ushuke nyuzi 2 au 3 chini. Halafu, kadiri maji yanavyogeuka barafu, sukari inabaki kwenye maji machache yaliyosalia, inazidi kukolea, na maji hayo yanazidi kugoma kuganda. Kwa hiyo katika dakika zile mbili, ndani ya utando ule mna chembe ndogo za barafu zinazoelea katika rojo tamu nzito, pamoja na matone ya mafuta. Rojo hiyo ndiyo inayoruhusu chembe kuteleza moja juu ya nyingine bila kuachana. Ni kama unga wa chapati: una chembe ngumu, una maji na mafuta, nao unakunjika.

Bado kuna swali la kwa nini ujikunje wenyewe, bila kidole kuugusa. Nenda kwa seremala umtazame akipiga randa. Ubao unatoa maranda yaliyojiviringisha, na hakuna aliyeyaviringisha. Utando wa aiskrimu umenata kwenye bamba. (Kijana alimkataza mtoto kugusa bamba kwa mkono wenye maji, kwa kuwa maji yangeganda kati ya ngozi na chuma na kuvishikanisha.) Kunata huko ni lazima, maana usiponata ungeteleza wote kama sahani mezani. Chuma bapa kinapoingia chini yake kwa mlalo, utando haukubali kusogea ila pale ukingo unapoubandua. Upande wa chini unasuguliwa na kuvutwa juu ya chuma, upande wa juu unasukumwa na kujibana. Upande mmoja umerefuka, mwingine umefupika, na kitu cha namna hiyo hakina njia nyingine ila kupinda. Kijana akisukuma taratibu kwa mwendo mmoja, mkunjo unakamilika. Akisita katikati, unakatika.

Sikuwa nimeamini kabisa kwamba haya yote yanashikana mpaka ziara yetu ya tatu, alasiri moja ya joto, stima ilipopotea. Kijana alikuwa ndio kwanza amemwaga maziwa yenye embe. Feni ikanyamaza. Alijaribu kukimbizana na wakati, akatandaza haraka, lakini chuma peke yake hakina akiba kubwa ya baridi. Kile kilojuli 334 kwa kila kilo kilikuwa hakina tena wa kukibeba kwenda nje. Kingo zilikuwa zimeganda, katikati pakabaki uji. Aliposukuma chuma chake, kingo zilitoka vipande vipande na katikati ikajikusanya mbele ya chuma kama tope mbele ya jembe. Mkunjo haukutoka hata mmoja. Akatuonyesha pia kinyume chake, kwa maneno: bamba likiachwa kupoa kupita kiasi na utando ukakaa mno, rojo nayo hukazana, na ukisukuma unapata magamba makavu yanayorukaruka. Kuna kipindi kifupi katikati, sekunde chache tu, ambapo utando unakubali kukunjwa. Yeye hukijua kwa macho: mng'ao wa maji unapotoweka juu ya utando na kuacha rangi iliyofifia.

Tukiwa tunangoja, mtoto aliomba aonje ule mchanganyiko uliobaki kwenye jagi. Akakunja uso. "Ni tamu sana!" Ilikuwa tamu kweli, kupita ile ya kwenye mikunjo, ingawa ni kitu kilekile. Ulimi wenye baridi huonja utamu kidogo, kwa hiyo anayetengeneza lazima azidishe sukari. Nilimuuliza kijana maziwa anayapata wapi. Anayachemsha mwenyewe kila asubuhi na kuyaweka kwenye friji. Hilo ni la kuuliza popote unapokula aiskrimu, kwa sababu baridi inavilaza tu vijidudu vya maziwa mabichi, haiviui. Nilipenda kwamba alijibu bila kukasirika.

Kuna tofauti nyingine utaihisi mkononi. Aiskrimu ya kawaida ya kiwandani huvurugwa na hewa, na hewa hiyo inaweza kufika nusu ya ujazo wake. Mikunjo ina hewa kidogo tu, ile iliyoingia wakati wa kukatakata, kwa hiyo ni mizito kinywani. Lakini kwa vile ni myembamba na imekaa wazi pande zote, joto la Nakuru linaifikia haraka. Keti ule hapohapo.

Stima ilirudi baada ya kama nusu saa. Feni ikaanza kuunguruma, kijana akalifuta bamba, akalikausha kwa kitambaa. Mtoto aliacha benchi akasimama karibu, mikono nyuma, kama alivyoagizwa. Chuma kilikaa cheusi kwa muda, halafu weupe ukaanza kutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati.

"Bado," akasema kijana.

"Bado," mtoto akaitikia, macho kwenye bamba.