Rangi Juu ya Kutu Haiui Kutu

Wengi wanaokarabati pikapu kuukuu nyumbani huamini kwamba ukishapaka rangi nzito juu ya kutu, hewa haifiki tena na kutu inakufa. Wazo lenyewe lina mantiki, maana ni kweli kwamba chuma hakishiki kutu bila oksijeni na maji.

Shida ni kwamba kutu ina vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana. Huhifadhi unyevu, na mara nyingi chumvi pia, chini kabisa karibu na chuma kizima. Rangi nayo hupitisha mvuke wa maji kidogo kidogo, na hushika vibaya juu ya kitu kinachobanduka. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo rangi huvimba malengelenge, hupasuka, na maji huingia bila hodi.

Kinachosaidia ni kusugua kwa brashi ya waya au msasa hadi chuma king'ae, kisha praima (rangi ya msingi) siku hiyohiyo, halafu rangi. Vishimo visivyofikika hupakwa dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu iliyobaki kuwa fosfeti ya chuma. (Vaa miwani na barakoa; rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.)

Kujikagulia si kazi ngumu. Palipovimba, gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti butu. Kwenye bodi ya chuma, sumaku isiposhika, huenda pana puti nene (kijazio cha kuzibia mashimo). Ila chasisi, yaani fremu inayobeba gari, ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa sababu mihimili yake yenye uwazi huoza kuanzia ndani. Ikitoboka hapo, ni kukata na kuchomelea tu.