Je, wajua kwa nini kazi inayopitishwa kidogo kidogo huisha mapema ilhali kila mtu ametumia muda mrefu zaidi?

Tafuta sarafu 20 za shilingi 200, meza moja, watu wanne wa kukaa mstari mmoja, wa tano awe mteja, na simu za kupimia sekunde. Kwa vitu hivyo tu, karakana ya Kizota au darasa la ufundi popote Dodoma litaona kwa macho kitu ambacho kwenye kazi ya kubuni bidhaa hujificha: foleni. Mchoro unaosubiri ndani ya kompyuta haujazi sakafu, kwa hiyo hakuna anayejikwaa nao.

Kila mtu anageuza sarafu moja moja kwa mkono mmoja, kisha anamsukumia jirani. Raundi ya kwanza zinasukumwa zote 20 kwa mkupuo, ya pili tano tano, ya tatu moja moja. Pima muda wa kila mfanyakazi, toka sarafu yake ya kwanza hadi ya mwisho, na muda ambao mteja amepata ya kwanza na ya mwisho.

Tuseme kugeuza sarafu ni sekunde 1. Kwa fungu la 20, mteja haoni kitu mpaka sekunde ya 80. Kwa mafungu ya 5, la kwanza linamfikia sekunde ya 20 na zote sekunde ya 35. Kwa moja moja, ya kwanza inafika sekunde ya 4 na ya mwisho sekunde ya 23. Mezani tarakimu hazinyooki hivi, kwa sababu kusukuma nako kunakula muda. Ndiyo maana muda wa kila mfanyakazi huwa mrefu zaidi raundi ya tatu, na bado mteja anamaliza kupokea mapema. Katika zile sekunde 80, kila sarafu iliguswa kwa 4 tu. Sekunde 76 ilikuwa inasubiri wenzake.

Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa, kwa sababu kwa mbunifu wa bidhaa somo kubwa ndilo linaanza. Rudieni raundi zote, lakini mnong'oneze mteja kwamba akipokea mzigo wa kwanza aseme mtu wa kwanza amegeuza upande usiotakiwa. Hapo hapo simamisha kazi, hesabu sarafu zilizokwisha kugeuzwa vibaya. Kwa fungu la 20, zote. Kwa mafungu ya 5, zote vilevile! Sekunde ya 20 mtu wa kwanza ameshamaliza kazi yake. Kwa moja moja, ni sarafu 4. Fungu la 5 liliokoa zaidi ya nusu ya muda, ila halikuokoa sarafu hata moja. Anayekata vyuma vya mashine 20 za kukamua alizeti kabla ya kuijaribu moja kwa mbegu zenyewe yuko kwenye raundi ya kwanza.

Hesabu yake inajulikana. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kwamba wastani wa muda wa kazi ndani ya mfumo ni idadi ya kazi zilizomo kugawanya kwa kasi ya kuzimaliza. Michoro 12 mezani, mnamaliza 3 kwa mwezi: kila mmoja unakaa miezi 4, hata mkihimizana vipi.

Mchezo huharibika kwa namna mbili. Watu huzoea kugeuza, kisha kasi ya mazoea inahesabiwa kuwa faida ya fungu dogo. Anza na raundi ya majaribio, na mwishoni rudia fungu la 20 mlinganishe. Pili, mwalimu hutoa jibu kabla. Waache kwanza wakisie muda, wauandike ubaoni.

Sarafu zina upungufu mmoja: kila moja ni sawa na nyingine, ilhali kazi za ubunifu hazitabiriki. Ongeza raundi ya dadu. Mtu wa kwanza anachota punje za mahindi kwenye bakuli. Kila mmoja anarusha dadu na kumsogezea jirani punje kwa idadi iliyotoka, asizidishe alizonazo mbele yake. Wastani wa dadu ni 3.5, kwa hiyo kwa mizunguko 10 watu hutegemea punje 35 kwa mteja. Kwa kawaida hupungua, kwa sababu aliyepata 6 akiwa na punje 2 anasogeza 2 tu, na nafasi 4 alizokosa kuzitumia hazirudi tena. Kila mzunguko andika punje zilizolundikana mbele ya kila mtu, kisha jaribuni tena kwa kikomo: kati ya mtu na jirani yake zisilundikane zaidi ya punje 6.