Jekyll hakuwa malaika

Nairobi ukisikia mtu akiitwa "Jekyll na Hyde", iwe kwenye matatu au kikao cha chama, maana huwa moja: mtu mwema aliyeingiliwa na shetani. Riwaya yenye majina hayo, ya Robert Louis Stevenson, ya 1886, haisemi hivyo.

Katika maungamo yake ya mwisho, daktari Jekyll anaeleza kwamba tangu ujana alipenda anasa, ila alipenda zaidi kutembea kichwa juu mbele za watu. Basi akazificha tamaa zake kwa aibu iliyopita kiasi. Dawa aliyoichanganya haikumletea tamaa mpya. Ilimgeuza kuwa Hyde, sura ya kutimizia zile za zamani bila jina lake kuchafuka. Na Hyde si jitu, licha ya mabango ya filamu. Ni mfupi, kijana kuliko Jekyll, na nguo za daktari zinampwaya.

Tamaa zenyewe Stevenson hazitaji. Mchumba wa Jekyll aliongezwa jukwaani 1887. Riwayani hana mke wala mchumba, marafiki zake ni wanaume watupu, na wakili Utterson anashuku kuwa Hyde anamtisha Jekyll kwa siri ya zamani. Wasomaji wengi huona hapo mwanamume anayewapenda wanaume, na sidhani wanalazimisha: mwaka 1885 Bunge la Uingereza liliharamisha mambo hayo hata faraghani, kwa maneno yanayofanana sana na kifungu cha 165 cha Kanuni yetu ya Adhabu. Stevenson mwenyewe aliandika katika barua kwamba ubaya wa Jekyll ulikuwa unafiki wake, wala si tamaa ya mwili.