Presha 95/60? Rudi Shambani

Ameletwa mwingine tena, chupa ya soda mkononi. Binti wa miaka ishirini na kitu, kaenda duka la dawa karibu na soko la Arua kununua dawa ya mafua. Mashine ilikuwa mezani, wakampima bure, ikaandika 95/60. "Presha imeshuka!" Soda ikakorogwa chumvi, mjomba wake akampakia kwenye boda mbio hadi kwangu nimtundikie dripu. Kizunguzungu? Hana. Kuzirai? Hajawahi. "Lakini musawo (daktari), imeshuka!" Imeshuka kutoka wapi, mzee wangu?

Mjomba hakuwa na jibu, na dukani hakuna aliyeuliza. Hiyo 90/60 mnayotishiwa nayo ni mpaka uliowekwa ili kurahisisha kazi yetu. Wasichana wembamba, watu wa jembe, mama mwenye mimba ya miezi mitano: wengi wao huishi na 92/58 wakichota maji na kucheka. Tatizo ni kwamba watu wamesikia presha ya kupanda inaua, basi wakaitungia pacha. Ya kupanda ni ugonjwa hata kama huhisi kitu. Ya kushuka, kama huhisi kitu na ndiyo kawaida yako, ni namba tu.

Sasa geuza. Mzee ambaye miaka yote ni 165/95, leo ana homa, anatetemeka, kipimo kinasema 110/70. Dukani watampongeza. Mimi ndipo naogopa, kwa sababu ubongo na figo zake zimezoea msukumo mkubwa zaidi. Namuuliza amekojoa lini. Nasikiliza kama anajibu kinachoulizwa. Nashika vidole kama ni vya baridi, nabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, naachia. Wekundu ukichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, naanza kutafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Kwa huyu, 110 ni presha ya chini. Kwa yule binti, 95 ni Jumanne ya kawaida.

Na linaloniudhi zaidi ya soda: watu wanapima presha bila kutazama mapigo ya moyo. Mashine inayaandika pale pale chini, tena kwa tarakimu kubwa! Mwanamke ambaye hedhi imechelewa, tumbo linamuuma upande mmoja, amepauka, 110/70, mapigo 130. Akiambiwa "presha yako nzuri" anarudishwa nyumbani na mimba iliyotunga nje ya kizazi, imepasuka, inamwaga damu tumboni. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake kabla namba ya juu haijaporomoka, maana mishipa hubana na moyo hukimbia ili kuishikilia. Ukingoja 70/40 ndipo ushtuke, umechelewa.

Kwa wazee na wanaomeza dawa, kipimo kimoja cha kukaa hakitoshi. Alale dakika tano, mpime. Asimame, mpime tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, kuna jambo: kuhara, dawa za kukojoza kama bendro (bendroflumethiazide) au furosemide zilizozidi, kisukari kilichoharibu neva. (Wanaochanganya vidonge na katunkuma, yale matunda madogo machungu ya kushusha presha, nitawaandikia siku yao.) Wapo pia wachache wa kuwaogopea kweli: aliyeacha ghafla prednisolone, dawa ya steroidi, baada ya kuimeza miezi mingi, au TB iliyoharibu tezi zilizo juu ya figo, mtu amekonda, ngozi imezidi weusi, anatamani chumvi. Hao soda haiwafai, wanahitaji homoni.

Kizunguzungu chenyewe? Mara nyingi ni malaria, njaa au upungufu wa damu. Tazama kope kwa ndani kabla hujatafuta mashine.

Dripu sasa, na hapa vitabu vina uhakika kuliko mimi. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania. Hospitali zetu za Uganda za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor zilishiriki. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini. Waliomiminiwa maji kwa haraka, kama asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48; wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Wanaoharisha hawakuwemo, hao maji bado ni dawa yao. Zambia nao, 2017, watu wazima wenye maambukizi makali na presha ya chini: waliopewa maji mengi mapema walikufa zaidi. Kwa hiyo mgonjwa kama huyo akiwa mbele yangu nampa kidogo kidogo, nasikiliza mapafu, naongeza au naacha, na kila mara roho haitulii. Halafu unataka nimtundikie mtu wa mafua!

Nikiri na hili: Ujerumani madaktari wamekuwa wakiandika dawa za presha ya chini kwa watu wachovu miaka mingi, wakati Waingereza, waliotuachia mitaala, wakiwacheka. Sicheki sana. Nina wagonjwa wa 90/55 ambao kila asubuhi huamka wamechoka na sikuona sababu nyingine. Nawaambia wanywe maji kabla ya kutoka kitandani na wainuke taratibu. Baadhi husema imesaidia.

Wewe unayemeza amlodipine ya presha ya kupanda, ukipimwa 112/70 na huna dalili yoyote, dawa inafanya kazi, usiiache. Ukihisi giza machoni unaposimama, njoo tupunguze dozi. Na njoo na daftari lako. Mwambie mwenye duka aandike humo presha, mapigo na tarehe siku ambayo huumwi kabisa, umekaa dakika tano, mkono umelala mezani. Mkanda wa kipimo usipwaye, kwa mwembamba mkanda mkubwa unashusha namba bure.