Paa la Mkunazini

Wageni wakiingia Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Zanzibar, huenda moja kwa moja madhabahuni, mahali panaposemwa palisimama mti wa kuchapia watumwa. Mimi huanza kwa kuinua shingo. Kazi yangu ni majengo ya kale, na katika kanisa hili ubishi wote uko juu.

Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Aliyeusimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyepata uaskofu mwaka uliofuata. (Ndiye yule wa sarufi ya Kiswahili, wanafunzi wa lugha wanamjua.) Alitaka madirisha marefu membamba yenye matao yaliyochongoka, kama makanisa ya Kigothi ya kwao Uingereza, na ukumbi mpana usio na nguzo katikati.

Tatizo likawa boriti. Ingia nyumba yoyote ya zamani Mji Mkongwe: vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu mti wa mkoko ukizidi mita tatu hivi huanza kupinda. Kwa boriti hizo huezeki kanisa. Steere akachanganya vipande vya matumbawe na saruji ya Portland, akajenga paa lenye umbo la pipa lililopasuliwa kwa urefu. Wengi waliamini litaporomoka.

Wala hawakuwa wajinga. Tao la mawe halikandamizi chini tu, husukuma pia kuta kwenda nje; ndiyo maana wajenzi wa Kigothi wa Ulaya waliziegemeza kuta zao kwa nguzo nene za nje. Lakini saruji ikishashika, paa huwa kama kifuu cha nazi, kitu kimoja, si mawe yanayosukumana. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu, na paa lake bado liko juu yake.

Nguzo za upande wa magharibi nazo zina kisa chao. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini, akarudi akazikuta zimepinduliwa, naye akaamua ziachwe hivyo hivyo. Chuchumaa uzitazame: kile kichwa kilichochanuka, kilichochongwa kipokee mzigo wa juu, ndicho kilichokaa sakafuni.