Je, wajua kwa nini uvimbe wa tezi ya adrenali ya mbwa hautolewi mara tu unapogunduliwa?

Mbwa ana tezi mbili ndogo za adrenali, kila moja karibu na figo. Ile ya kulia imegusana na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya nyuma ya mwili, na uvimbe ukiota hapo unaweza kupenya hadi ndani ya mshipa wenyewe. Ndiyo maana daktari wa mifugo hakimbilii kisu.

Uvimbe wa gamba la nje la tezi mara nyingi humwaga homoni ya kotisoli kupita kiasi. Mbwa humaliza bakuli la maji na kudai jingine, hukojoa ndani ya nyumba aliyokuwa akiiheshimu, tumbo humning'inia, manyoya hupukutika ubavuni na ngozi huwa nyembamba hata mishipa ikaonekana. Hata hivyo, dalili hizo peke yake hazitoshi kuilaumu adrenali, kwa sababu katika mbwa wengi wenye maradhi haya, takriban asilimia 80 hadi 85, chanzo ni tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo.

Dawa inayotumika sana ni trilostani, ambayo huzuia kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza kotisoli. Kiu hupungua na mbwa huchangamka, lakini uvimbe wenyewe unabaki pale pale na unaweza kuendelea kukua. Mitotani, dawa ya zamani yenye undugu wa kikemia na kiuatilifu cha DDT, huua seli za gamba la tezi. Ina nguvu zaidi, na kosa la kipimo linaweza kumwangusha mbwa.

Upasuaji ndio unaoondoa chanzo, na uvimbe usipokuwa wa saratani mbwa anaweza kupona kabisa. Tatizo ni kwamba hatari yake yote imerundikana katika siku chache: kuvuja damu mezani, kisha damu kuganda na kuziba mishipa ya mapafu. Isitoshe, tezi ya pili huwa imesinyaa kwa kukosa kazi, kwa hiyo mbwa hupewa prednisoloni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kwa wiki au miezi mpaka iamke. Anayevuka kipindi hicho mara nyingi huishi miaka.

Kuna pia feokromosaitoma, uvimbe wa kiini cha tezi, ambao daktari akiugusa tu unaweza kumwaga homoni za aina ya adrenalini na kupandisha shinikizo la damu ghafla. Hapa dawa na kisu hushirikiana. Katika uchunguzi wa mbwa 48 waliopasuliwa kati ya mwaka 1986 na 2005, waliotangulia kupewa fenoksibenzamini, dawa inayolegeza mishipa ya damu, walikufa asilimia 13, ilhali wasiopewa walikufa asilimia 48. Kumbukumbu hizo zilipitiwa baadaye, hivyo huenda maendeleo ya nusukaputi nayo yalichangia. Bado tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza.

Kwa maoni yangu, mbwa mwenye nguvu ambaye picha za kifua na tumbo hazionyeshi saratani kusambaa anastahili kupelekwa kwa mpasuaji mzoefu, baada ya kuandaliwa kwa dawa. Mbwa mzee aliye dhaifu, au ambaye mapafu yake yameshaingiliwa na saratani, trilostani pekee inamfaa zaidi ikiwa uvimbe wake ni ule wa kumwaga kotisoli.